Olympus Trip 35 ya bei nafuu: nipime vipi seleniamu yake (sehemu inayopima mwanga)?

Swali: Ndugu wapiga picha, nimeuziwa kwa bei nafuu kamera ya filamu ya Olympus Trip 35, aina iliyotengenezwa hadi mwaka 1984, nami naipenda mno kwa kuwa haihitaji betri. Nitajuaje kama kipimamwanga chake kingali kizima kabla sijanunua filamu?

Jibu: Hongera, ndugu. Weka pete ya lenzi kwenye herufi A (kamera ijipangie yenyewe), zungusha gurudumu la kuvuta filamu, kisha elekeza kamera penye jua na ubonyeze; ikipiga bila kusita, ziba lenzi pamoja na vioo vidogo vinavyoizunguka, ujaribu tena. Safari hii kibendera chekundu kinapaswa kuchomoza kwenye tundu la kutazamia na kamera igome. Kikichomoza hata juani, seleniamu imekufa.

Jibu: Hata ikifa, usiitupe. Ukiiondoa pete kwenye A, unachagua mwenyewe uwazi wa lenzi, na kasi ya kupiga picha hubaki 1/40 ya sekunde, kwa hiyo shika kamera kwa utulivu. Lenzi yake ya milimita 40, kwa maoni yangu, ni kali kuliko bei yake inavyodokeza.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimeijaribu juani na kivulini, na kibendera kinatii.