Kukagua picha na klipu kabla ya kurusha: Lens, TinEye, Yandex au InVID?

Mhariri_wa_Zamu
Habari wadau. Chumba cha habari kidogo, waandishi wanne, kompyuta mbili. Picha na klipu karibu zote zinaingia kwa WhatsApp, na mhariri ana dakika kumi tu kabla ya kurusha. Kati ya zana hizi za mtandaoni za kukagua picha, Google Lens, TinEye, Yandex na InVID, ipi ifundishwe kwanza? Bajeti hakuna.

Kalamu_Butu
Zote nne ni bure kwa kazi ya kawaida, kwa hiyo bei si hoja. Angalia kila moja inajibu swali gani.

TinEye inajibu "picha hii hii ilishaonekana lini?" Pakia, panga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Mafuriko ya "leo asubuhi Jangwani, Dar" yakikutwa kwenye blogu ya mwaka 2014, mjadala umefungwa. Zingatia kwamba tarehe unayoiona ni ya siku TinEye ilipoikuta picha mtandaoni, si ya siku ilipopigwa. Picha inaweza kuwa kongwe kuliko hapo. Mpya kuliko hapo haiwezekani. Pia haiingii Facebook wala Instagram, kwa hiyo ikikosa kitu usiandike "picha ni halisi". Haikuona, basi.

Lens inajibu "hiki ni nini, hapa ni wapi?" Inasoma mabango na kutambua majengo. Udhaifu wake ni kwamba ukiipa picha nzima ya mama aliyevaa kitenge, itakuletea maduka ya vitenge. Buruta kingo za kisanduku zibane jengo, bango au mlima peke yake.

Yandex ina jicho kali kwa nyuso na majengo, hasa picha zilizotokea Urusi na nchi jirani. Picha za vita vya kule zikizungushwa huku kama tukio la Kongo, huko ndiko utakakozinasa.

InVID-WeVerify yenyewe haitafuti. Ni kiendelezi cha kivinjari (programu ndogo ya kuongeza kwenye Chrome) kinachoikata video kuwa fremu, yaani picha mojamoja, kisha unazituma fremu hizo kwenye mitambo hiyo mingine. Kwa hiyo picha: Lens, TinEye, Yandex, kwa mpangilio huo. Video: InVID kwanza.

Nahodha_Data
Nakazia hapo. Mitambo yote ikitoka kapa, igeuze picha kushoto-kulia ujaribu tena. Waghushi wanajua kugeuza kunapoteza utafutaji. Dalili mojawapo ni barabara. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Klipu "ya Goma" yenye magari yanayopita kushoto imegeuzwa, au si Goma. Usukani usiutegemee, maana magari yenye usukani wa kulia yamejaa mashariki ya Kongo. Tazama upande wa barabara.

Dada_Dawati
Kabla ya mitambo yote hiyo kuna la faili lenyewe. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshavuliwa metadata: tarehe ya kupigwa, aina ya simu, mahali. Na jina kama IMG-20250612-WA0004 linawadanganya wengi. Hiyo ni tarehe ya kupita WhatsApp, si ya kupigwa.

Mwambie mtumaji aliyepiga mwenyewe aitume upya kama *dokyumenti*. Hapo metadata inabaki. Asipokuwa na faili la awali, huenda hakuipiga yeye. Muulize aliipata kwa nani. Hata ukipata saa, kumbuka ni saa ya simu, na simu inaweza kuwekwa saa yoyote.

Mzee_wa_Ramani
Mnazungumza kana kwamba kutafuta picha ndio mwisho. Klipu mpya kabisa haina nakala popote, sasa utafanyaje? Hapo ni mandhari na vivuli.

Mwaka 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaua wanawake na watoto Kamerun, serikali ikaikana. BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, walilinganisha mstari wa milima ulioonekana nyuma na Google Earth, wakabaini ni karibu na Zelevet, mkoa wa Kaskazini ya Mbali. Majengo kwenye picha za satelaiti yakapunguza miaka, vivuli vikabana siku: kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Google Earth Pro ni bure na ina picha za satelaiti za miaka ya nyuma. Tovuti ya SunCalc nayo ni bure: weka mahali, tarehe na saa, ikupe uelekeo wa jua.

Mfano wa karibu: Dar mwezi Julai, saa sita mchana, jua liko kaskazini, kivuli kinaangukia kusini. Mwanzoni mwa Machi jua liko utosini, nguzo karibu haina kivuli. Klipu ikikataa hesabu hiyo, tarehe, saa au mahali palipotajwa si kweli.

Mhariri_wa_Zamu
Asanteni. Na programu za kutambua picha za akili mnemba?

Kalamu_Butu
Usirushe wala kuzuia habari kwa asilimia inayotoka huko. Picha ikishabanwa na WhatsApp mara tatu, alama ambazo programu inazitafuta zinavurugika. Kipimo cha ELA ndani ya InVID, kinachotafuta sehemu za picha zilizohaririwa, kina ugonjwa huo huo: kingo zinazong'aa zinaweza kuwa mgandamizo tu. Tafuta pembe ya pili. Tukio la hadharani lenye umati halirekodiwi na simu moja.

Siri_ya_Chanzo
Mmesahau jambo moja. Kila unachopakia kinakwenda kwenye seva za watu wengine. Picha ya chanzo ambayo haijachapishwa, hasa yenye sura, isiguse Lens wala Yandex. Kata kipande cha mandhari ndicho upakie. Kenya ina sheria ya data ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022.

Dada_Dawati
Na muda: InVID ikikupa saa ya YouTube kwa UTC (saa ya kimataifa), ongeza saa tatu. 22:30 UTC ya tarehe 3 ni saa saba na nusu usiku kwetu, tayari tarehe 4. Ukiisahau, utaandika "video ilipakiwa kabla ya tukio" na utakuwa umekosea wewe.