Bustani ya wazee wenye dimenshia: tumekosea wapi?

Mlezi_wa_Zamu: Wakuu, naomba ushauri. Nipo kwenye makao ya wazee, wengi wana dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na fikra. Tumewatengenezea bustani ya kunusa, kushika na kusikiliza: maua, chemchemi, njia ya pevingi. Imependeza, ila hawaitaki. Mzee mmoja akifika kwenye mfuniko mweusi wa chemba, ananyanyua mguu juu kama anavuka mtaro, anaghairi, anarudi ndani. Bibi mwingine njia ikimwishia ukutani anaanza kulia, anataka kwenda kwao.

Fundi_Majani: Huo mfuniko kwake ni shimo, usibishane naye. Macho yanaweza kuwa mazima, lakini ubongo ukasoma doa jeusi kuwa shimo na sakafu inayong'aa kuwa maji. Upake rangi ileile ya njia. Njia yenyewe izunguke irudi mlangoni, na mlango uonekane ukiwa popote. Upana usipungue mita 1.5, mtembee naye bega kwa bega.

MamaWawili: Chemchemi nayo! Kwetu ilikuwa ikiwashwa tu, foleni ya choo 😂 Kama choo kiko mbali, izimeni.

Mlezi_wa_Zamu: Kumbe! Na asumini je? Zimejaa, hakuna anayezijali.

Fundi_Majani: Kwa wenye Alzheimer, ile dimenshia ya kawaida zaidi, pua ni kati ya vitu vinavyochoka mapema. Panda vya kufikicha mkononi: mrehani, mnanaa, rozimari. Hata harufu isipomfikia, jani analo. Inua tuta sentimita 70 hivi, wa kiti cha magurudumu naye afikie. Maua yawe mekundu na ya manjano; bluu na zambarau hufifia kwenye jicho la uzeeni.

Kijana_wa_Shamba: Oleanda, kile kichaka cha maua, mnayo? Ina sumu, na wengine huko hutia kila kitu mdomoni. Dawa ya wadudu pia msipulize.

Mlezi_wa_Zamu: Duh. Ipo, tena kando ya benchi. Naing'oa kesho asubuhi. Sasa bibi wa kulia nimwambieje? Nikimwambia hapa ndiyo kwake anazidi.

MamaWawili: Usimwambie hivyo. Muulize kwao kulikuwa na mti gani uani, mwache asimulie. Halafu mpe kazi. Anapenda kufanya nini?

Mlezi_wa_Zamu: Juzi nilimkuta anakusanya majani makavu kwa kandambili, moja moja, anayapanga ukutani. Nikamrudisha ndani.

MamaWawili: Dada, mpe fagio.