Siku moja Mwanza tukisubiri meli ya Bukoba, kisiwa gani kinafaa?

Dada_wa_Tabata

Habarini wakuu, naombeni mwongozo kwa wenyeji wa Mwanza na mliowahi kupita. Tunatoka Dar na basi, tutashuka Nyegezi asubuhi, afu meli ya Bukoba ni usiku saa tatu, kwa hiyo tuna mchana mzima pale na sitaki tuukalie kwenye mabenchi. Niko na mama mkubwa, ana miaka sabini na kitu, mzima kabisa ila magoti yanamsumbua, na wanangu wawili, mmoja ana miaka tisa mwingine minne.

Nataka tufike kisiwa chochote turudi tuwahi meli. Mi nilikuwa nawaza Ukerewe maana naskia kuna meli za asubuhi. Huyu wa miaka tisa kafundishwa shule habari za sokwe wa Rubondo basi hasikii kingine. Na mama mkubwa ndo kabisa, anasema ziwa atalivuka mara moja tu, hiyo ya usiku, na hiyo yenyewe kwa sababu ya harusi ya mjukuu wake, alipoteza ndugu meli ya MV Bukoba ilipozama 1996 na tangu hapo hajawahi kupanda chombo cha majini. Sasa hapo mnanishaurije? Na mizigo naiacha wapi?

Ngosha_Kirumba

Mwadila dada, karibu Mwanza.

Rubondo mtoe mtoto kwenye reli mapema, mwambie ukweli tu. Iko upande wa Geita kule kusini magharibi mwa ziwa, ni hifadhi ya kwenda kulala, na hao sokwe wenyewe walipelekwa kule miaka ya sitini wakitokea kwenye zuu za Ulaya, wako msituni kisiwa kikubwa, watu wanakaa siku na siku wanawatafuta na wengine wanaondoka wamesikia kelele tu. Ukitoka Nyegezi asubuhi ukasema urudi jioni, meli itakuacha.

Ukerewe napo piga hesabu kwa kurudi nyuma, usianze na saa ya kwenda anza na saa ya meli. Meli yako ni saa tatu usiku, na watoto na mzee na mabegi inabidi uwe bandarini saa kumi na mbili hivi, maana foleni ya kukagua tiketi na vitambulisho si ya mchezo na mizigo ya watu wa Bukoba unaijua mwenyewe. Mwanza mpaka Nansio, bandari ya Ukerewe, kwa meli ni kama masaa matatu kwenda na matatu kurudi, hapo bado basi la Dar halijachelewa, bado upepo. Utashuka Nansio, utakunywa soda, utapanda tena. Na ukikosa ya kurudi umelala kisiwani, tiketi za Bukoba zimekufa mkononi. Njia ya Bunda ukavukie Kisorya ndo ndefu zaidi, hiyo isahau.

Kinachobaki ni Saanane na wala usione kama umepewa makombo. Ni hifadhi ya taifa kamili tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, iko ndani ya jiji, boti yake unapandia Capri Point na mnafika hata maji ya chupa hamjamaliza. Zamani, 1964, ndo ilianzishwa pale bustani ya wanyama, wakamhamisha mzee Saanane aliyekuwa anaishi hapo anavua na kulima, jina likabaki la kwake. Kuna swala pala wanatembea tu, tumbili, pimbi kwenye mawe kila mahali, na wale mijusi vichwa vyekundu mwili wa bluu, huyo wa miaka minne atawapenda kuliko simba. Mamba nao wapo majini kwa hiyo mkono wa mtoto usiuachie pembeni.

Mizigo: chukua chumba gesti mjini kwa mchana, mnaoga, mnafungia mabegi, mnatoka mikono mitupu. Daladala za Nyegezi kuja mjini ni nyingi, zinapita Butimba na Mkuyuni, ila na hayo mabegi na mzee chukua bajaji tu.

Mtoto wa Kisesa

Mi napingana na ngosha kidogo. Saanane ni mawe, dada, na mama ana magoti. Sawa kuna njia ya kutembea lakini raha yenyewe ya pale ni kupanda kwenye majabali ukalione jiji, sasa yeye atakuwa amekaa chini anawasubiri, tena kafika kwa boti ambayo hakuitaka. Bora Bujora, makumbusho ya Wasukuma, ni Kisesa hapo barabara ya Musoma, kuna ngoma za kila aina, nyumba za asili, habari za watemi, unakwenda kwa gari na kurudi kwa gari. Watoto wanaruhusiwa hata kupiga ngoma wakiomba vizuri. Afu jioni mnakaa pale kwenye jiwe la Bismarck karibu na feri ya Kamanga mnapiga picha, kisiwa cha kuangalia kwa macho.

Ngosha_Kirumba

Bujora ni pazuri sibishi, ila kauliza kisiwa mkuu, wewe unampa mlima wa ngoma. Na Kisesa kwenda na kurudi na foleni ya Igoma ile unaijua.

Bi_Mkubwa_Nyamagana

Mwanangu, nyie wote mnaongea magoti na boti mmempita mama mwenyewe. Mtu aliyepoteza ndugu MV Bukoba usimwambie "boti ni dakika chache tu mama usiogope", ile meli ilikuwa imekaribia kufika, ilizama Mei 21 asubuhi watu wanaliona jiji. Kwa hiyo ufupi wa safari kwake si hoja, ni kumkumbusha.

Ningekuwa mimi ningemwachia achague. Capri Point pana vivuli na sehemu za kukaa mtu anaangalia ziwa na Saanane iko pale pale mbele, unaweza ukaenda na watoto kwa masaa mawili mkarudi yeye anakunywa chai yake na mnaonana. Ukimwacha muachie simu yenye chaji. Na jambo lingine, Igoma kuna makaburi ya wale waliopotea na mnara wao. Muulize kabla hamjatoka Dar kama angependa kupita akaombe dua, ila usimshtukize, umfikishe getini ndo umwambie tumefika wapi. Wengine wanataka sana kufika na hawajawahi kupata mtu wa kuwapeleka, wengine hawataki hata kusikia. Akisema ndiyo, hapo Bujora inaingia vizuri maana ni njia hiyo hiyo, na Saanane unaiacha.

Kuhusu hiyo ya usiku mwambie meli ya Victoria ilifanyiwa ukarabati mkubwa ikarudi majini 2020, inabeba abiria 1,200 na ni ya chumba na kitanda ukilipia. Akiingia apewe kitanda cha chini, aonyeshwe majaketi ya kuokolea yako wapi, mwenyewe kwa macho yake. Inatuliza kuliko maneno.

Nshomile_Kashai

Wa Mwanza mmesahau kwamba anakuja kwetu 😄 Dada kama kisiwa ndo kiu yako, Bukoba tuna Musira, ukisimama ufukweni unakiona mbele yako. Watu wanavuka kwa boti, kuna wavuvi wanaishi, kuna mapango, unapanda juu unaiona Bukoba yote. Na huko hamkimbizwi na tiketi, harusi za Kihaya haziishi siku moja. Tena mama mkubwa anabaki nyumbani na wenzake wanamenya ndizi, hakuna atakayemwuliza kwa nini hajapanda boti.

Kwa Mwanza lakini Saanane fanyeni asubuhi, msisubiri mchana. Asubuhi ziwa limelala, ikifika saa nane saa tisa upepo unaanza na kaboti kadogo kanaruka, watoto watatapika.

Ngosha_Kirumba

Kweli hiyo ya upepo. Na niongezee hapa, dada, njoo na kitambulisho cha NIDA maana bei ya raia ni tofauti kabisa na ya mgeni, mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio, na malipo ni kwa namba ya malipo kwenye simu, usije na noti ukitegemea atakupokea mtu getini. Boti inalipiwa mbali na kiingilio, uliza kabla hujapanda.

Na watoto wasiingize miguu majini, iwe Saanane iwe ufukwe wowote, hata waone wenzao wanaogelea. Kichocho huku si hadithi, konokono wake wanakaa hapo hapo kwenye maji mafupi yenye majani ambapo mtoto ndo anapenda kuchezea.

Dada_wa_Tabata

Jamani asanteni sana, Bi Mkubwa Mungu akuweke. Nimempigia mama mkubwa sasa hivi nikamuuliza ya Igoma kama ulivoniambia, kanyamaza kidogo afu akasema "kumbe kuna mnara?" Anataka kwenda. Kwa hiyo tukishuka tunaoga gesti, tunaanza Igoma asubuhi, nguvu ikibaki tunafika Bujora, na kisiwa kitakuwa Musira baada ya harusi. Mwanangu kanuna sababu ya sokwe, nimemwambia habari ya mijusi ya bluu sasa anauliza kama Bukoba nako ipo 😅

La mwisho, chakula, mtu anayetoka Igoma saa nane anakula wapi samaki wa maana bila kuuziwa bei ya mgeni?

Mtoto wa Kisesa

Hapo umepatia dada. Samaki kula huku huku kabla ya kurudi mjini, mama ntilie wa pembeni ya barabara wana sato wa kuchemsha na ugali, mwite umwone samaki kabla hajaingia sufuriani, bei mnakubaliana hapo hapo. Mwaloni Kirumba ni pa dagaa na samaki wa jumla, na mzee na watoto patawachosha. Ukiona wanauza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa vikakaushwa, nunua ya kutafuna kwenye meli, usiku ni mrefu ule na chakula cha ndani kinaisha mapema.

Bi_Mkubwa_Nyamagana

Amina mwanangu. Igoma nendeni na maji ya kunywa na mwavuli, jua la pale halina huruma kwa mtu mzima. Na bajaji mkubaliane akusubirini, msimwachie aondoke.