Namna ya kuhariri hadithi yako mwenyewe

Swali: Nimemaliza rasimu ya hadithi fupi, lakini kila ninapoirudia naishia kusahihisha tahajia tu. Wenzangu, ninyi huanzia wapi?

Jibu: Tahajia iache mwisho, ndugu yangu, kwa kuwa hakuna faida ya kunyoosha aya ambayo huenda ukaifuta. Iweke hadithi kando kwa majuma kadhaa, kisha uisome kwa sauti. Mazungumzo ambayo hakuna mtu angeyatamka hivyo yatajitokeza yenyewe.

Jibu: Naongezea kuhusu vielezi. "Alifunga mlango kwa nguvu na kwa hasira" ni dhaifu mbele ya "Aliubamiza mlango", maana kitenzi kimekwisha kuibeba hasira yote.

Muulizaji: Ahsanteni. Na mwanzo je?

Jibu: Jaribu kuifuta aya ya kwanza, mara nyingi hadithi huanzia ya pili.