Mwenye tenda ya sare anawagawia walimu bahasha za pesa mbele yetu, nasi wazazi tupige makofi?

Wanajukwaa, nimejikaza tangu Jumamosi nikashindwa. Acheni niseme.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kakamega, na nina binti kidato cha nne katika shule moja ya umma ambayo sitaitaja. Jumamosi wazazi tuliitwa kwenye sherehe ya kuwatuza walimu kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Hotuba zilipokwisha yakaanza kusomwa majina: mwalimu wa somo hili A nne, wa somo lile A saba, na kila A shilingi 3,000. Pesa taslimu, zinahesabiwa jukwaani noti moja moja mbele ya watoto, huku mshereheshaji akitaja jumla kwenye kipaza sauti. Na aliyekuwa akizitoa ni mwenye duka linaloiuzia shule sare!

Ndiye yule ambaye barua ya kujiunga na shule inamtaja, kwamba sare zote zinunuliwe kwake. Sketi yake ya marinda ni 1,600. Mimi naishona kwa 900, kitambaa kile kile, tena pindo naliacha nene ili mtoto akirefuka iteremshwe. Januari binti yangu alirudishwa langoni kwa kuvaa niliyomshonea. Nikaenda kukopa chamani nikanunua ya dukani. Ile 700 iliyozidi nimeiona Jumamosi kwa macho yangu, ikiingia mfukoni mwa mtu ambaye kesho anaweza kuketi kwenye kamati ya kuamua nani aendelee kuiuzia shule sare.

Juu ya hapo kila mzazi alidaiwa 500 ya "motisha". Nikamwomba karani risiti, akanijibu kwamba hii haina risiti. Haina risiti kivipi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma haitozi mzazi malipo yoyote ya ziada bila idhini ya Waziri, na kila kinachokusanywa lazima kitolewe risiti rasmi. Mimi nikishona vazi la mia mbili naandika kwenye kitabu.

Sasa tuje kwa zile bahasha. Ibara ya 76 ya Katiba inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma ni mali ya Jamhuri. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, kifungu cha 14, inamruhusu afisa kupokea zawadi ya heshima ya kawaida, ila kwa masharti, na sharti mojawapo limeandikwa wazi kabisa: isiwe pesa. Najua kuna atakayekuja hapa chini kuniambia mwalimu si waziri. Soma kifungu cha 52 cha sheria hiyo hiyo. Masharti hayo yanamfunga kila mtumishi wa umma, na mwalimu wa TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, analipwa kwa kodi yetu kama muuguzi na kama chifu. Halafu Julai 2025 ikatiwa saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Kama mwenye tenda kuwapa pesa watu wanaosimamia tenda yake si mgongano wa maslahi, basi nielezwe mgongano ni upi.

Nilisimama nikauliza. Mmoja wa wakubwa wa shule akaja hadi kitini pangu akaninong'oneza, "Mama, keti, usituharibie siku ya walimu." Wazazi wenzangu wakanitazama kama mchawi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko zile pesa.

Mimi siwachukii walimu. Nimelelewa na mwalimu. Huku kwetu mzazi mtoto wake akifaulu alibeba kuku akampelekea mwalimu nyumbani, wakala ugali pamoja, na hakuna aliyehesabu A. Kuku huyo simkatai hata leo. Na msiniletee habari ya Peter Tabichi, maana nimeshaisikia. Mwalimu yule wa Keriko kule Njoro, Nakuru, alishinda tuzo ya dunia ya walimu mwaka 2019, dola milioni moja, na nilifurahi kama ameshinda ndugu yangu. Lakini angalieni aliyempa: wakfu wa nje, majopo ya kuchuja walimu kutoka nchi nyingi, vigezo vinajulikana, na aliyetoa haiuzii Keriko madawati wala sweta. Hapo ndipo pa kuuliza kila mara: anayetoa anahitaji nini kwa anayepewa?

Tena tazameni bei hii ya A inafanya nini darasani. Tangu itangazwe, wanaotarajiwa kupata A wamehamishiwa chumba kimoja, wana masomo ya ziada hadi saa tatu usiku. Binti yangu ni wa C. Anahitaji kupanda kidogo tu afike C+ aingie chuo kikuu, na kupanda huko hakumletei mwalimu hata shilingi. Wa D nao wameachwa wajifundishe. Ni watoto wa wazazi wale wale waliotoa 500! Mwalimu wa kidato cha kwanza aliyewafundisha hesabu kutoka sifuri hakuitwa jukwaani. Mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, ambaye bodi hiyo inamlipa kidogo na kwa kuchelewa, nilimwona akipanga viti.

Na pesa ikishafungwa kwenye gredi, kishawishi cha kuiba mtihani kinakua. Hatujasahau KCSE ya 2015, watahiniwa zaidi ya 5,000 wakafutiwa matokeo, na Machi 2016 bodi ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, ikavunjwa. Sisemi shule yetu imeiba. Nasema tunamwekea mtu dau mezani halafu tunamwomba asilitazame.

Kama mwalimu anastahili zaidi, na anastahili, basi aongezewe mshahara na TSC, Tume ya Mishahara ikitoa ushauri wake, kwenye hati ya malipo inayoonekana na kukatwa kodi. Asingojee hisani ya mwenye duka.

Jumatatu nilipeleka barua shuleni chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Nimeiandika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu. Nimeuliza tenda ya sare ilitangazwa lini na nani walioomba, zile 500 zimefika jumla gani na ziko akaunti ipi, na nani aliidhinisha zitozwe. Wana siku 21, na nakala yangu imepigwa muhuri. Wakinyamaza naenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko ya kunyimwa habari. Hii ya bahasha naipeleka EACC, tume ya kupambana na ufisadi, bila kungoja.

Wazazi mliolipa kwa M-Pesa, msifute ule ujumbe. Mliolipa mkononi, andikeni tarehe na jina la aliyepokea. Na kama shule ya mtoto wako huku Magharibi au Nyanza inafanya hivi hivi, niambie hapa chini nani anatoa pesa na anaiuzia shule nini. Majina ya shule yaacheni kwanza, nayahitaji kwenye barua, si hapa.