Taa ya oili inawaka injini ikishapata moto, nikizima dakika 10 inapotea

Nuru77:
Habari zenu wakuu. Nina gari dogo la petroli la mwaka 1993, injini ya silinda 4, cc 1600, limetembea kilomita 287,000. Lilikuwa la baba yangu. Alifariki mwaka jana, akaniachia gari pamoja na daftari lake ambalo ameandika kwa penseli kila sevisi tangu alinunue: tarehe, kilomita, oili gani, lita ngapi. Sitaki liharibikie mikononi mwangu, ndiyo maana nauliza kabla sijagusa kitu.

Asubuhi injini ikiwa baridi hakuna tatizo. Taa nyekundu inawaka nikifungua swichi, injini ikishika inazima. Nikishaendesha dakika 25 au 30 halafu nikasimama, injini ikiwa kwenye sailensi (inazunguka polepole bila kukanyaga mafuta), taa inaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta kidogo inapotea. Ilikuwa hivyo kwa wiki mbili. Juzi imewaka nikiwa napanda mlima, gia ya 3, injini inazunguka kwa nguvu. Nikazima hapohapo. Nilipokaa pembeni dakika 10 nikawasha nione, taa ikazima vizuri kabisa na injini ikatulia. Hata hivyo sikuendesha, nimevutwa kwa kamba hadi nyumbani. Baba alikuwa akisema taa nyekundu haibembelezwi.

Nilivyokagua: kijiti kinaonyesha oili iko karibu na alama ya juu, gari likiwa sehemu tambarare na nimesubiri ishuke. Oili haijawa kama maziwa, hainuki petroli. Ni 10W-30 kama kitabu cha gari kinavyosema, ina kilomita 3,000 tu. Hakuna moshi wa bluu. Chini pakavu, ila pembeni mwa kava la valvu pana unyevu wa oili.

Nina jeki, stendi 4, seti ya soketi na muda wa jioni. Jirani ameniambia injini imekwisha, nianze kutafuta nyingine. Ni kweli?

KijanaWaSpana:
Pole kwa msiba dada. Kwa kilomita hizo injini imeshalegea, ni kawaida. Mwaga hiyo oili nyepesi uweke nzito, 20W-50, taa hutaiona tena. Gari langu nilifanya hivyo, huu mwaka wa pili linatembea.

WayaMwekundu:
Kabla ya oili nzito, hakikisha taa yenyewe inasema kweli. Swichi ya oili, ile inayowasha taa, imefungwa kwenye bloku (mwili wa injini), mara nyingi karibu na filta, ina waya mmoja tu. Chomoa ule waya injini ikiwa imezimwa, kisha fungua swichi ya gari bila kuwasha. Taa isipowaka, waya ni mzima. Ikiwaka wakati waya umening'inia hewani, basi umechubuka mahali na unagusa bodi. Angalia pia ndani ya kofia ya waya: ukikuta oili, swichi imepasuka ndani na inavujisha, ibadilishe.

Lakini kupepesa kwako kunafuata moto wa injini na muda. Sidhani ni waya.

FundiMstaafu:
Binti, pole sana. Na umefanya jambo la maana sana kuzima pale mlimani. Beringi za krankishafti, ile shafti kuu ya injini, hazigusani na chuma chake. Zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando ukikatika kwa mzigo ule wa mlima, dakika moja inatosha kuziunguza. Wengi huendelea "hadi nifike", wakafika na injini inayogonga.

Sasa nisikilize. Taa haipimi presha, inakwambia tu kwamba presha imeshuka chini ya kiwango fulani, ambacho kwa magari mengi ni kati ya psi (kipimo cha presha) 3 na 7. Kwa hiyo ikipepesa tayari uko karibu na sifuri. Tafuta geji ya presha ya oili, ile ya mpira na saa. Fungua swichi ya oili uitoe, funga geji mahali pake. Angalizo kuhusu nyuzi za tundu: magari mengi ya Japani yana nyuzi za BSPT za 1/8, meno 28 kwa inchi, na geji nyingi huja na NPT, meno 27. Zinaonekana pacha. Ukilazimisha, mizunguko miwili ya kwanza itakubali, halafu utapasua bloku. Tumia adapta sahihi, na ukiona inakaza mapema, toa.

Pima mara nne: baridi kwenye sailensi, moto kwenye sailensi (yaani feni ikishawaka mara mbili), moto kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika huku ukiishikilia hapo kama dakika moja, halafu zima dakika 10, washa upime tena. Ikishuka chini ya psi 5 wakati wowote, zima. Andika kila namba.

Nataka hicho kipimo cha nne kwa sababu ya sentensi moja uliyoandika. Umesema ukikaa dakika 10 taa inapotea. Oili ya lita 3 na nusu ndani ya injini yenye moto haipoi kwa dakika 10 kiasi cha kubadilisha uzito wake. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachopata nafuu injini ikizimwa. Nina wazo langu, ila sitaki nikutajie kabla ya namba, usije ukazisoma kwa jicho langu.

Swali moja: sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imewahi kufunguliwa? Tazama daftari la mzee.

Na hiyo 20W-50 usiiweke kwanza. Kijana hajasema uongo, oili nzito inapandisha geji. Lakini kama shida iko upande wa kunyonya, unampa mgonjwa wa koo ugali badala ya uji.

Nuru77:
Shikamoo mzee. Nimepata geji, adapta ya BSPT nimeazima. Waya nimeujaribu kama alivyosema WayaMwekundu, ni mzima, na kofia yake ni kavu.

Baridi kwenye sailensi: psi 48. Moto kwenye sailensi: psi 14. Moto nikipiga resi hadi 3,000: ikapanda hadi 30, halafu nikiwa bado nimeishikilia ikaanza kushuka yenyewe, 26, 22, 18. Nikaachia, ikaangukia 6. Nikazima kabla haijafika 5. Baada ya dakika 10: sailensi psi 19, na kwenye 3,000 ilisoma 41, lakini sikuishikilia, niliogopa.

Daftari: miezi 9 kabla hajafariki baba ameandika "sampu inavuja nyuma, imefunguliwa, imepakwa silikoni, kilomita 281,400". Kurasa zinazofuata ameandika mara mbili "oili bado inatoka kidogo". Sikuwa nimeiona hiyo. Mwandiko wake wa mwisho ulikuwa umeanza kutetemeka, nilikuwa nafunua haraka.

FundiMstaafu:
Marahaba binti. Namba zako zimesema zenyewe.

Injini yenye beringi zilizolika inasoma chini kwenye sailensi ikiwa na moto, lakini ukipiga resi pampu inasukuma oili nyingi zaidi na presha inapanda na kubaki juu. Ya kwako inapanda halafu inashuka huku mizunguko ni ileile. Maana yake pampu inaomba oili na haiipati. Ndani ya sampu kuna chujio la wavu mdomoni mwa bomba la kunyonya. Kitu kikiwa kinaelea mle, kadiri pampu inavyovuta kwa nguvu ndivyo kinavyobandikwa kwenye wavu. Ukizima, hakuna tena kinachokivuta, kinaanguka chini ya sampu. Ndizo dakika 10 zako.

Na silikoni ya sampu ndiyo ninayoishuku. Anayepaka nyingi, akifunga bolti, nusu inaminywa nje ambako anaiona na kuifuta, na nusu inaminywa ndani ambako haioni mtu. Inakauka, inakatika vipande kama tambi, inasafiri hadi kwenye wavu. Nimeikuta zaidi ya mara moja kwenye injini zilizoandikiwa kifo.

Mwaga oili ikiwa ya uvuguvugu, isikuunguze. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe juani: chembe zinazometa ndizo za kuhofia. Usitegemee sumaku peke yake, maana tabaka la juu la beringi si chuma cha kunaswa. Filta nayo ipasue uitandaze karatasi yake.

Gari likae kwenye stendi, si jeki. Sampu ikigoma kushuka usiichokonoe kwa bisibisi ukakwaruza uso wake. Kata silikoni kwa bamba jembamba, pole pole kuzunguka. Ukifungua bomba la chujio, weka gasketi mpya pale linaposhika pampu. Hapo pakivuta hewa kidogo tu, utarudi kuniandikia tena kwamba presha hakuna, na safari hiyo chujio litakuwa safi.

KijanaWaSpana:
Nimesoma namba zake na maelezo ya mzee mara mbili. Nafuta ushauri wangu wa oili nzito dada, usiufuate. Na langu nitalipima, maana kwa kweli sijawahi kulifungia geji.

Nuru77:
Jamani, nimerudi. Imechukua jioni tatu.

Kitambaa kilikuwa safi, hakuna kinachometa. Filta nimeipasua, ina vipande viwili vya silikoni na uchafu mweusi wa kawaida. Sampu iligoma karibu saa nzima, maana ilikuwa imegundishwa na silikoni ya rangi ya chungwa. Iliposhuka nikalala chali na tochi nikaangalia juu. Wavu ulikuwa umefunikwa zaidi ya nusu. Vipande virefu vya rangi ileile, kimoja nimekipima kina sentimita 6, vingine vimelala chini ya sampu kwenye tope. Nilikaa pale chini muda kidogo. Gari limetembea kilomita karibu 6,000 na vitu hivyo mle ndani, na baba aliandika kwamba oili bado inatoka, akilalamika peke yake kwenye daftari.

Nimesafisha wavu kwa petroli na brashi laini hadi nikaona mwanga kupitia kila tundu. Sampu nimeiosha ndani, nyuso zote mbili nimezifuta hadi zikawa hazina alama ya mafuta. Silikoni mpya nimepaka uzi mmoja wa milimita 3, upande wa ndani wa matundu ya bolti, nimefunga kwa kukaza msalaba kidogo kidogo, nikaiacha ilale usiku kucha kabla ya kumimina oili. Gasketi ya bomba mpya. Filta mpya nimeijaza oili kabla ya kuifunga, na nimehakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye bloku. Oili ni 10W-30 ileile.

Kabla ya kuwasha nimechomoa fyuzi ya pampu ya petroli, nikapiga stata kwa vipindi vifupi huku nikitazama geji. Kipindi cha kwanza sifuri. Cha pili sifuri, moyo ulikwenda mbio. Cha tatu sindano ikanyanyuka. Nikarudisha fyuzi, nikawasha.

Baridi psi 52. Moto kwenye sailensi 19. Moto kwenye 3,000, nimeishikilia dakika nzima kwa saa: 46, haikutikisika.

FundiMstaafu:
Alhamdulillahi. Psi 19 kwenye sailensi na 46 kwenye 3,000, injini ya kilomita 287,000, hiyo bado ina maisha. Kipimo cha zamani cha mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, wewe umevuka.

Kimebaki kimoja. Kwa nini sampu ilivuja hadi ikapakwa silikoni yote ile, na kwa nini kava la valvu lina unyevu? Angalia valvu ya kupumulia, ile ndogo kwenye kava yenye mpira unaokwenda kwenye manifoldi. Itoe uitikise. Inatakiwa ilie. Ikiwa imeziba, gesi inayopita kwenye ringi za pistoni haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye kila gasketi dhaifu.

Nuru77:
Nimeitikisa mzee, iko kimya kabisa. Imejaa gundi nyeusi, na mpira wake umekauka hadi umevunjika mkononi. Nimebadilisha vyote viwili pamoja na gasketi ya kava. Sasa nimetembea kilomita 620. Nimefuta chini ya injini kwa kitambaa jana na leo, pakavu mbele na nyuma. Swichi ya oili nimeirudisha mahali pake, ila geji sijairudisha kwa mwenyewe, ameniruhusu nikae nayo hadi kilomita 1,000 nipime mara moja zaidi. Namba zote nimeziandika kwenye daftari, chini ya pale baba alipoandika "oili bado inatoka kidogo".