Naomba ushauri: upanga wa zawadi wa ofisa wa Kiingereza, jina limefutika

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua silaha za kale. Nina upanga wa ofisa wa Uingereza, kinga ya mkono ni ya shaba yenye vitobo na herufi VR katikati, kwa hiyo nauweka enzi za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Kwenye shina la bapa kuna kile kidude cha shaba chenye HW, alama ya Henry Wilkinson, mtengenezaji wa panga wa London, na mgongoni kuna namba ila tarakimu ya mwisho imelika na kutu.

Kinachoninyima usingizi ni ala. Imechongwa maneno kwamba ni zawadi kwa Kapteni fulani kutoka kwa maofisa wenzake, halafu jina lenyewe limesuguliwa mpaka limebaki kama kivuli, naona herufi ya kwanza tu, labda R au B. Nimemulika tochi kwa pembeni, nimepiga picha, nimeweka karatasi nyembamba nikasugua penseli, bado. Kusafisha kwa dawa ya shaba nimekataa kabisa, maana nakshi zikiondoka hazirudi, na huyo mtu anastahili kujulikana.

Maswali yangu:
Kuna njia gani ya kuisoma namba na jina bila kukwangua chuma? Nikiipata namba, huenda daftari za mauzo za Wilkinson zikanionyesha aliyeununua.

Na nitajuaje kama ala na upanga vilitoka pamoja, au maandishi yaliongezwa baadaye ili kupandisha bei?

Picha naweza kutuma. Asanteni sana.